Uzinduzi wa Maji ya Kisima-Mawe

Iko nchi, wala haiko mbali, ambayo sitaitaja kwa jina. Si kwamba naogopa. Jina lake limepelekwa kuzinduliwa upya, na mpaka siku hiyo itakapofika raia mwema halitumii ovyo. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, ina Chuo Kikuu kilichojengwa juu ya kilima ili wananchi wakione wakiwa mbali na wasiwe na haja ya kukikaribia, na kwamba mimi ni mhadhiri wa kemia katika chuo hicho.

Watu wa mataifa mengine wana desturi ya ajabu kuhusu utafiti. Mtu huanza na swali, akahangaika nalo miaka kadhaa, akapata jibu, na mwisho kabisa, akiwa amechoka na viatu vimemwishia, ndipo hualika watu wamsikilize. Sisi tuliuona upotevu huo tukaurekebisha. Kwetu utafiti huanza kwa kuzinduliwa. Kanuni ya Ruzuku za Utafiti kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza haina kigugumizi: utafiti usiozinduliwa haujulikani na Serikali, na usiojulikana na Serikali haupewi ruzuku. Uzinduzi haufanyiki bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi hasimami bila hotuba. Hotuba haina uzito bila matokeo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeomba ruzuku ya kutafuta jibu huliambatanisha jibu lenyewe na ombi lake. Utaratibu huu umetufanya tuongoze ukanda wote kwa wingi wa matokeo, ingawa maabara yetu bado imefungwa. Mlangoni pana utepe ambao haujapata wa kuukata, na mazoezi ya kemia tunayafanyia barazani, upepo unaporuhusu.

*

Mwaka huo alikuja ofisini kwangu Eliwaza Nkungu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuwa na tabia ya kuzungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Nilimkemea. Mimi nimelelewa shule ya bweni, ambako mtu humjibu mwalimu akiwa ameinua kidevu na mikono iko nyuma. Akaondoa mkono. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye madoa na vishimo, kama sufuria iliyoungulia. Sikumkemea tena.

"Ni maji, mwalimu," alisema. "Kwetu Kisima-Mawe wote tuko hivi. Mdogo wangu Winfrida imemshuka mpaka miguuni. Imepinda, hawezi kubeba ndoo."

"Unajuaje kwamba ni maji?"

"Sijui. Nashuku ni madini ya floraidi. Ndiyo nataka yapimwe."

Alieleza bila kupamba, jambo ambalo sisi wa zamani tunalithamini. Nyuma ya kilima iko chemchemi nyingine, mwendo wa mtu aliyezoea kutembea, na watu wa huko wana meno meupe. Halmashauri ya kijiji ilikuwa imesema ingekifunga kisima na kuwapeleka watu chemchemini siku itakapoona karatasi yenye mhuri wa Chuo, si kabla. Hayo yangeweza kusubiri, kama kila jambo katika nchi yetu linavyosubiri. Lakini nyumbani kwao alikuwako Mbazi, kitinda mimba, ambaye alikuwa hajaonja bado maji ya kisima.

"Anakimbia, anafukuza kuku, anatukana watu wazima, halafu anarudi kunyonya," alisema Eliwaza. "Wanawake wanamcheka mama. Yeye anasema hamwachishi ziwa mpaka nilete majibu. Ila maziwa yanakauka, mwalimu."

Sampuli alikuwa nayo tayari. Aliichota kiangazi kilipokuwa kikali kuliko vyote, maji yakikwanguliwa kwa kikombe chini ya kisima, wakati ambapo madini yake huwa mazito. Aliiweka katika chupa ya plastiki, na alifanya sawa, maana floraidi hushambulia kioo na kuharibu kipimo. Akaifunga kwa kizibo cha kijani, akabandika karatasi: Kisima-Mawe, sampuli, usinywe. Ilikuwa chupa moja tu. Kuchota mbili, alisema, kungekuwa kumnyima jirani maji ya kupikia. Tangu hapo mvua zilikuwa zimeshuka na kisima kimejaa; maji kama yale yasingepatikana tena mpaka mwaka upinduke. Ruzuku aliyoiomba ilikuwa ya kuipeleka chupa hiyo nchi jirani, ambako maabara ziko wazi.

Nilimwambia yale ninayowaambia wanafunzi wangu wote. Ufuate utaratibu, nao utaratibu hautakuacha.

*

Kwetu ruzuku za utafiti husimamiwa na Ofisi ya Itifaki. Hazikuwekwa mikononi mwa wanasayansi, kwa kuwa wanasayansi huketi popote. Afisa Itifaki Mkuu alikuwa Bwana Ludoviki Masanilo, ambaye nilisoma naye shule moja ya bweni, yeye vidato viwili nyuma yangu. Mimi nilikuwa kaka mkuu, na mpaka leo huniita hivyo, naye husimama niingiapo. Nchi ina watu wachache wenye adabu ya namna hiyo.

"Kaka mkuu, karibu," alisema. "Huyu binti wako ameandika vizuri sana. Amesahau matokeo tu."

"Hakusahau. Hana bado."

Masanilo akamgeukia Eliwaza kwa huruma ya baba. "Binti yangu, matokeo ni nini?"

"Sijui, mzee."

"Hujui. Na unaomba ruzuku."

"Ningejua nisingeiomba."

"Sasa Serikali impe fedha asiyejua, iwaache wanaojua? Wako hapo nje, wamejaza benchi. Kuna mmoja amekuja na matokeo ya aina tatu, mgeni rasmi achague."

"Naweza kukisia, mzee. Ila kukisia si kupima."

"Wenzako wanakisia, na wanapata, na wanaoa."

Niliingilia kati. Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia zamani kuzima taa za bweni kwamba mwanafunzi wangu hataandika jambo asilolijua, hata kama Chuo kizima kimekwisha kuandika. Masanilo hakukasirika. Watu wa itifaki hawakasiriki, hutafuta kiti cha kumkalisha kila mtu.

"Basi tuache nafasi," alisema. "Katika hotuba tutaandika, utafiti huu umebaini kwamba, halafu tuweke nukta nukta. Mheshimiwa akifika hapo atasema jambo la jumla. Wamezoea."

"Jambo la jumla kama lipi?"

"Kama amani."

Eliwaza aliniangalia. Nikaona hakuna uongo katika nukta, nikakubali.

"Na chupa uje nayo," Masanilo akamwambia. "Lazima kiwepo kitu cha kufunuliwa. Tutaiweka mezani chini ya kitambaa. Jambo la mwisho, binti yangu, usilichukulie vibaya. Siku hiyo usicheke mbele ya kamera."

"Huwa sicheki, mzee."

*

Wiki iliyofuata nilimfundisha Eliwaza kuhutubia. Ilikuwa lazima, kwa sababu katika nchi yetu hakuna anayemwambia mgeni rasmi neno lolote kabla hajawataja waliohudhuria wote, kwa vyeo, kutoka juu hadi chini. Anayemruka mmoja huhesabiwa kuwa hajasema. Yuko mkulima aliyewahi kuona hema la wageni linaungua. Alianza vizuri sana, akamsahau Mkuu wa Tarafa, akarudishwa mwanzo. Hema jipya lilizinduliwa mwaka uliofuata.

Tulifanya mazoezi barazani, mimi nimeketi kama mgeni rasmi, yeye amesimama. Alipokosea nilimrudisha. Siku ya mwisho alivitaja vyeo vyote kwa pumzi mbili bila kutetereka, mikono iko nyuma, kidevu kimeinuliwa, na niliona kwamba sikuishi bure.

*

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya rangi za bendera, hata feni zikafungwa maua na zikashindwa kuzunguka. Tarumbeta zilipigwa tangu asubuhi kumkaribisha Mheshimiwa Barnabasi Lukwembe, Waziri wa Utafiti, Uzinduzi na Shughuli Zinazofanana na Hizo, ambaye alifika mchana, kama inavyostahili cheo chake. Mtafiti mwenyewe alipangiwa kiti safu ya mwisho, nyuma ya nguzo. Mimi kama mwalimu wake niliketi kando yake.

Lililotokea meza kuu kabla ya hapo nilielezwa baadaye. Chupa za maji za mezani hubanduliwa karatasi zake, ili Serikali isionekane inaitangazia kampuni biashara, kisha huvishwa utepe. Hilo lilifanyika. Lakini iko kanuni nyingine iliyo kongwe zaidi: mgeni rasmi hanywi maji yanayonywewa na walio chini yake. Chupa yake lazima iwe tofauti. Dereva aliyetumwa kuleta chupa tofauti aliukuta msafara wa Waziri umefunga barabara. Waziri akawa amekwisha kuingia getini. Vijana wa Masanilo wakatazama ukumbi mzima na kuona chupa za namna moja kila mahali, isipokuwa moja, yenye kizibo cha kijani, iliyokuwa kwenye meza ndogo ya kando, chini ya kitambaa. Wakaibandua karatasi bila kuisoma, wakaivisha utepe, wakaiweka mahali pake kwa mikono miwili.

Waziri alisoma hotuba kwa sauti nzuri. Alisema taifa lisilotafiti ni kama kipofu aliyepoteza fimbo yake, na kwamba Serikali tayari imeiona fimbo hiyo na mchakato wa kuiokota unaendelea. Tukapiga makofi. Kisha akafika mahali penyewe.

"Utafiti huu umebaini kwamba," akasema, akanyamaza.

Alizitazama nukta. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Akakohoa, na kama afanyavyo kiongozi yeyote anayehitaji muda, akanyoosha mkono kwenye chupa.

Eliwaza akanishika mkono wa koti. "Mwalimu, ile ni chupa yangu."

Nilitazama. Kitambaa cha meza ndogo kilikuwa kimelala bapa, hakifuniki kitu.

"Simama useme," nilimwambia. "Lakini kwa utaratibu. Ukikosea hawatakusikia."

Akasimama, mikono nyuma.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wa Utafiti, Uzinduzi na Shughuli Zinazofanana na Hizo," alianza. Waziri alikuwa akizungusha kizibo. Alimwitikia kwa kichwa, kwa upole. "Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo." Kizibo kikatoka. "Waheshimiwa Naibu Makamu Wakuu, Taaluma, Utawala na Mapambo. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, na mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, ambao wote wawili wamefika." Waziri akaitia chupa kinywani. Siku ilikuwa ya joto na feni zimefungwa maua. "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa. Viongozi wa dini zilizosajiliwa, na wa zile ambazo usajili wake unaendelea." Koo la Waziri lilikuwa likipanda na kushuka. Eliwaza aliharakisha, ila hakuruka cheo. "Wazee wa Chama. Vijana wa Chama. Bwana Afisa Itifaki Mkuu. Mwalimu wangu. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

Hakumwacha hata mmoja. Sijawahi kusikia itifaki iliyozingatiwa vile.

"Mheshimiwa," akasema, "hayo ni maji ya Kisima-Mawe. Ni sampuli. Naomba usiyanywe."

Waziri aliiweka chupa mezani. Ilikuwa tupu.

Mpiga tarumbeta akaishusha tarumbeta yake pajani. Waziri aliitazama chupa, akamtazama Masanilo, na Masanilo akaitazama dari. Msomaji wa nchi nyingine pengine angetarajia daktari aitwe. Anapaswa kuelewa kwamba kwetu kiongozi hanywi kitu kwa bahati mbaya, na kama amekinywa, basi hapakuwa na bahati mbaya.

"Najua," alisema Waziri.

Rangi ikamrudia usoni taratibu.

"Mnadhani mimi sijui ninachokunywa? Nimeyanywa kwa makusudi, mbele yenu, ili kumuunga mkono mtafiti wetu kijana. Wako wenzangu wanaotafiti kwa mdomo. Mimi," akaunyoosha ukurasa kwa kiganja, "nimetafiti kwa kunywa. Sasa naendelea. Utafiti huu umebaini kwamba maji ya Kisima-Mawe ni salama, ni matamu, na yana uchumvichumvi kidogo," akajilamba mdomo kuhakikisha, "unaojenga mwili."

Makofi yalidumu. Makamu Mkuu wa Chuo alisikitika kwenye kipaza sauti kwamba hakubakiziwa. Eliwaza aliitwa mbele akapewa cheti cha mtafiti wa kwanza katika historia ya taifa kumaliza utafiti siku ya kuuanza. Alipigwa picha. Gazeti la Serikali liliichapisha ukurasa wa mbele kesho yake, na meno yake yalikuwa meupe, yamesafishwa na mafundi wa gazeti, yanang'aa kuliko hata ya Waziri.

*

Nilikwenda kwa Masanilo. Alisimama nilipoingia.

"Ombi la ruzuku limekuwaje?" niliuliza.

"Limefungwa, kaka mkuu. Utafiti umekamilika. Huwezi kufadhili kilichokwisha."

"Ludoviki, unajua mlichokifanya."

"Tulimpa mgeni rasmi chupa isiyofanana na nyingine. Ungekuwa wewe ungempa ipi?"

Nilijaribu kulijibu swali hilo kwa haki. Kwa mujibu wa kanuni, hapakuwa na nyingine.

"Basi tuombe upya," nilisema. "Kiangazi kijacho achote sampuli ya pili."

"Ya kuchunguza nini?"

"Kama yale maji ni salama."

"Yaani kama Mheshimiwa alikunywa sumu bila kujua." Akavuta karatasi, akachukua kalamu, bila kejeli yoyote, kama mdogo wangu wa shule aliyeagizwa kazi. "Niandike hivyo? Niandike, kaka. Jina lako nitalitanguliza."

Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kunong'ona ofisini, na kwamba nitalalamika kwa njia rasmi. Nililalamika. Malalamiko dhidi ya Ofisi ya Itifaki hupokewa na Ofisi ya Itifaki, ambako yangu yalipokewa kwa heshima kubwa. Nimejulishwa kwamba yatazinduliwa, tarehe itatangazwa.

Kisima-Mawe hawakusubiri tarehe. Redio ya Taifa ilitangaza matokeo kwa lugha zote zinazotambuliwa, na ikarudia jioni. Lori la Chuo lilikwenda kusimika bango juu ya kisima, lenye picha ya Eliwaza na meno yake mapya, na chini yake maneno ya Waziri na mhuri wa Chuo. Halmashauri ilikutana, ikaona mhuri, ikatoa pongezi, na kuondoa kwenye ajenda suala la chemchemi.

*

Mama yake alipiga simu Eliwaza akiwa ofisini kwangu. Simu yake ilikuwa ya zamani, haisikiki mpaka ifunguliwe spika, kwa hiyo niliyasikia yote ingawa niligeukia dirishani kwa adabu.

"Eliwaza, mwanangu. Tumekusikia. Wamekutaja, wakamtaja na baba yako marehemu. Watu wamejaa hapa tangu jana, wengine hata siwajui."

"Mama, yale maji hayajapimwa."

"Yamepimwa. Waziri kayanywa mwenyewe, chupa nzima."

"Aliyanywa bila kujua, mama. Alikunywa sampuli yangu."

"Redio imesema, Eliwaza Nkungu amebaini."

"Eliwaza ni mimi. Sijabaini chochote. Sikiliza, mama, usimwachishe Mbazi."

Upande wa pili mtoto alikuwa akilia, kilio cha hasira cha mtu aliyedhulumiwa haki yake.

"Nimekwisha kupaka ziwa shubiri tangu asubuhi," alisema mama. "Kaonja mara moja, kanitukana. Atazoea tu, wote mlizoea."

"Mama, nakuomba. Ioshe. Mpe hata uji wa maji ya mvua. Mpe maji ya chemchemi."

"Nani aende chemchemini na maji yamethibitishwa? Watu watasema tunamkana mtoto wetu." Sauti ikashuka, ikawa ya upole. "Nakujua, mwanangu. Hutaki kujisifu. Nilikulea hivyo, nashukuru. Lakini hapa tunamfuata yule wa redioni. Yule ndiye aliyesoma."

Eliwaza alinitazama. Nilijua alikuwa akingoja nini. Niliichukua simu mezani, nikajitambulisha kwa cheo changu na shahada zangu, nikamwambia mama huyo, kwa maneno mepesi niwezavyo, kwamba mimi ndiye mwalimu wa mwanawe na kwamba mwanawe anasema kweli.

"Asante sana, mwalimu," alijibu. "Asante kwa kumfikisha hapo. Mungu akuongezee." Kisha akageuka, akaita mbali na simu, "Winfrida, lete kikombe."

Tulisikia mtu akija polepole, mguu mmoja ukiburuzwa. Eliwaza alisema, "Mama." Akasema tena, "Mama." Kilio cha mtoto kikakatika ghafla, na kwa muda mrefu tukamsikia akinywa kwa pupa, bila kupumua, kama anywavyo mtu aliyelia sana.